Pima Shingo Kwanza: Nilivyofunga Vyuma vya Kusawazisha Mzigo kwenye Tela la Samaki

Agosti 2021 nilikuwa nashuka kutoka Kibumba kuelekea Goma, nyuma ya Hilux yangu nikivuta tela la samaki wa Vitshumbi. Barabara ilipoanza kuinama kuelekea Kibati, tela likaanza kuyumba. Mwanzoni kidogo tu, kama mtoto anayekuvuta shati. Halafu usukani ukawa mwepesi mikononi, mwepesi wa kutisha, kana kwamba magurudumu ya mbele hayagusi lami. Kwenye kioo nikaona tela linatokeza kushoto, linarudi, linatokeza kulia. Pikipiki iliyokuwa ikinipita ilibeba mama na mtoto mgongoni. Yule motari aliona mapema, akaingia majanini. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikaushika usukani umenyooka, sikukanyaga breki hata kidogo. Gari likapoa lenyewe. Hadi leo nikifumba macho naona kitenge cha yule mama, cha njano chenye maua meusi.

Nilisimama kando, miguu haina nguvu. Kijana mmoja wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, aliyekuwa anateremsha kabichi mjini, akasimama naye. Akalizunguka tela mara moja, akabonyeza shingo ya tela, chuma cha mbele kinachoungana na gari, kwa mkono, akasema: "Papa, muzigo yako iko nyuma sana. Mimi nikipakia vile, chukudu inanitupa." Akaendelea na safari. Tuliwajengea watu wa chukudu sanamu katikati ya Goma mwaka 2009, na naona ni haki kabisa. Yule kijana aliona kwa mkono mmoja kitu ambacho mimi, miaka sita na tela, sikuwahi kukiangalia.

Wengi mmeniuliza juu ya vile vyuma viwili vya springi vilivyo kati ya gari langu na tela. Nitaeleza hatua zake. Kufunga kirungu cha kuvutia na kuunga nyaya za taa sitaeleza, fundi yeyote anajua. Nasisitiza jambo moja tu hapo: bolti ziwe na alama 8.8 kichwani. Bolti isiyo na alama usiikubali hata ukipewa bure.

Hatua ya kwanza ni kujua uzito unaokalia kirungu. Hapa ndipo ninapotaka mkae na mimi, maana nililipa dola 180 kabla ya kulijua hili.

Baada ya siku ile nilikwenda kwa muuza vipuri vya mitumba, nikamweleza yaliyonipata. Akanitolea vyuma vya springi vilivyotoka Dubai, vinene, vimechongwa namba 1000. Akaapa kwamba ni vya tela la kilo 1,000 na kwamba vitamaliza kuyumba kote. Yote mawili si kweli. Namba ile ni pauni, na haihesabu uzito wa tela zima. Inahesabu uzito wa shingo peke yake, ule unaobonyeza mkia wa gari: pauni 1,000 ni kama kilo 450. Tela langu likijaa ni kilo 1,200, na shingo yake haifiki hata nusu ya hapo. Nilivifunga, na kila shimo la barabara likanigonga mgongoni kama nyundo, sahani ya kirungu ikaanza kupasuka kwenye kona. Niliporudi kwake alisema barabara yetu ndiyo mbovu. Barabara ni mbovu, sawa, lakini mtu anayeuza chuma cha kushikilia uhai wa watu anapaswa kujua namba iliyoandikwa juu yake. Sijamsamehe.

Kwa hiyo, kupima. Shingo inatakiwa kubeba kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela lililopakiwa. Ikipungua chini ya 10, mkia wa tela ndio unaoongoza, na kwenye mteremko utayumba tu, uwe na vyuma usiwe navyo. Ikizidi 15, unakandamiza ekseli ya nyuma ya gari na kuinua pua. Kwa kilo 1,200 nilihitaji kati ya 120 na 180. Nani ana mizani ya hivyo nyumbani? Dada yangu ana mizani ya kupimia watu, mwisho wake kilo 130, na inatosha kabisa ukijua namna.

Chukua ubao mgumu wa zaidi ya mita moja. Ncha moja ilaze juu ya kipande cha bomba kilichokaa kwenye tofali, ncha nyingine juu ya kipande kingine cha bomba kilichokaa katikati ya mizani. Kati ya bomba na bomba iwe sentimita 90 kamili. Soma mizani ubao ukiwa mtupu, andika. Kisha shusha shingo ya tela juu ya ubao, sentimita 30 kutoka bomba la tofali, kwa hiyo 60 kutoka la mizani. Hakikisha tela limekaa sawa kama linavyokaa likivutwa, magurudumu yake yakiwa yamezuiwa kwa mawe. Soma tena, toa uzito wa ubao, zidisha kwa tatu. Basi.

Nilifanya hivyo kwenye uwanja wa nyumbani, masanduku yamepangwa vilevile kama siku ya Kibati. Mizani ikatoa 21. Mara tatu, kilo 63. Asilimia tano! Nilikaa chini kwenye tofali. Miaka sita nilikuwa napita katikati ya watu na kitu kile.

Sababu yake nilikuja kuiona Vitshumbi kwenyewe, safari iliyofuata. Pale ziwani upakiaji ni wa haraka. Jua linapanda, marabu wamesimama wanangoja utumbo, akina mama wanagombana na hesabu za tilapia, na kila mtu anataka uondoke. Sanduku la kwanza linaingia mbele likiwa na barafu iliyobaki kutoka Goma, yaani jepesi, kwa kuwa nusu yake imeshakuwa maji. Samaki wazito wanaingia mwisho, mlangoni, nyuma kabisa. Na barafu inavyoyeyuka njiani, Rwindi, Kiwanja, Rutshuru, maji yanatoka kwenye tundu la sanduku la mbele, na mbele panazidi kuwa pepesi huku nyuma pakibaki palepale. Ukitoka ziwani na asilimia kumi, unafika Kibumba na nane. Ndiyo maana tela halikuyumba bondeni, likangoja mteremko.

Siku hizi samaki wazito wanaingia kwanza, mbele ya ekseli, na barafu inakaa nyuma. Inayeyuka inavyotaka: kinachopungua ni mkia. Mama mmoja muuzaji alinipigia kelele kwamba namchelewesha. Nilimwambia, "Mama, nisamehe, dakika ishirini tu." Zikawa arobaini. Nilipopima tena nyumbani, mizani ilisoma 52, yaani kilo 156. Asilimia 13.

Baada ya hapo ndipo vyuma. Nilitafuta vya pauni 600, fundi wangu wa Majengo akanisaidia, mtu mtulivu anayepima mara mbili kabla ya kukata. Kazi ya vyuma hivi ni kuurudisha mbele uzito uliokaa kwenye mkia wa gari. Utajua vimekaza kiasi gani kwa futi tu. Kutoka chini hadi madigadi ya mbele, gari peke yake, langu lilikuwa sentimita 84. Likishika tela bila vyuma, 86. Tulipofunga minyororo inayoshika vyuma hivyo, mara ya kwanza madigadi yalishuka hadi 85.6, haitoshi. Tukavuta pingili moja zaidi, ikawa 84.8. Rudisha nusu ya kile kilichoinuka au zaidi kidogo, usiende chini ya kipimo cha mwanzo. Minyororo usiivute kwa nguvu za mkono. Funga shingo kwenye kirungu, inua shingo pamoja na mkia wa gari kwa jeki, chuma kitalegea, ndipo uing'oe au uipachike pingili. Na simama pembeni, kwa sababu chuma hicho kikiponyoka kinavunja taya.

Kulikuwa na sehemu moja ambapo nilikuwa navifungua kabisa. Lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilikata barabara yetu kaskazini mwa mji, kuelekea Buhene, na kwa muda mrefu tulipita juu ya mawe yaliyosawazishwa kwa haraka. Gari likiwa bondeni na tela likiwa juu, au kinyume chake, vyuma vilivyokazwa vinapindisha shingo. Safari ya kwanza na vyuma vipya nilisimama hapo, nikatoa jeki, nikalegeza kulia, nikalegeza kushoto. Vijana wa chukudu walinipita mmoja mmoja juu ya lava. Nikavuka polepole, upande wa pili nikavikaza tena, nikapima madigadi kwa futi: 84.8.