Jemadari Grant: Kusamehe na Kuchunguza

Mwezi huu twajifunza habari za Ulysses S. Grant wa Marekani, aliyekuwa askari, kisha akawa Rais. Maisha yake yatuonyesha ya kuwa moyo wa kuwaamini watu waweza kuwa baraka, tena waweza kuwa mtego.

1. Siku za unyonge. Grant alizaliwa Ohio mwaka wa 1822, mwana wa mtengenezaji wa ngozi. Alisoma katika chuo cha askari cha West Point, akapigana vita vya Mexico, na mwaka wa 1854 akaacha jeshi. Alijaribu kulima karibu na St. Louis, asifanikiwe, hata akawa akiuza kuni mjini. Alikuwa na mtumwa mmoja, William Jones, ambaye angaliweza kumwuza kwa fedha nyingi. Walakini mwaka wa 1859, katika dhiki ile ile, alimwandikia hati ya uhuru.

2. Siku ya ushindi. Mwaka wa 1861 majimbo ya Kusini yalikuwa yamejitenga ili kuulinda utumwa, na vita vikaanza. Grant alirudi jeshini, na mwaka wa 1864 aliwekwa juu ya majeshi yote ya Serikali. Tarehe 9 Aprili 1865, huko Appomattox, Jemadari Lee wa Kusini alisalimu amri. Grant hakumwaibisha. Aliwaacha askari wa Lee waende makwao kwa ahadi ya kutopigana tena. Wenye farasi wao waliruhusiwa kuwachukua kwa ajili ya kulima. Nao wenye njaa aliwapelekea posho ya watu 25,000. Askari wake walipoanza kupiga mizinga kwa furaha, aliwakataza. Baadaye Lee alipotakiwa kushtakiwa, Grant alisema kwamba ni heri ajiuzulu kuliko kuvunja neno lake.

3. Siku za urais. Alitawala tangu 1869 hata 1877. Mwaka wa 1870 Katiba ilikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake, na mwaka wa 1871 Grant alipeleka askari South Carolina kuwakomesha Ku Klux Klan, waliokuwa wakiwapiga na kuwaua watu weusi. Hayo ni mema. Lakini rafiki zake hakuwachunguza. Mwaka wa 1875 ilijulikana ya kuwa watengenezaji wa wiski na maofisa wa kodi walishirikiana kuiibia Serikali. Katibu wake, Orville Babcock, alishtakiwa, naye Grant akatoa ushahidi wa kumtetea; Babcock akaachiliwa. Wahenga walisema: Kikulacho ki nguoni mwako.

Tupambanue basi. Amsameheye adui aliyeshindwa hutoa kilicho chake mwenyewe, yaani haki yake ya kulipiza kisasi. Bali amfumbiaye macho rafiki katika mali ya watu hutoa kisicho chake.

4. Siku za mwisho. Mwaka wa 1884 mshirika wake wa biashara, Ferdinand Ward, alimdanganya, na mali yake yote ikapotea. Alikuwa amekopa dola 150,000 kwa William Vanderbilt. Ili kulipa alimpa hata panga zake za vita. Kisha akapatwa na saratani ya koo. Katika maumivu hayo aliandika kitabu cha maisha yake, mkewe Julia asije akaachwa maskini. Alikimaliza siku chache kabla ya kufa, tarehe 23 Julai 1885, na kitabu kile kilimpatia Julia zaidi ya dola 400,000.

Maswali ya kufikiri:
1. Lee na Babcock, wote wawili walitendewa kwa upole. Upole huo ulitofautianaje?
2. Sisi tuliokabidhiwa fedha za chama au shule, twawezaje kumkagua rafiki pasipo kumvunjia heshima?