Mchezo wa Kwanza wa Kujihami kwa Watoto: Kuanguka Kabla ya Kupiga

Mwalimu mpya hakai muda mrefu katika shule ya msingi kabla ya kufikiwa na ombi hili: "Mwalimu, tufundishe karate." Watoto wameona filamu katika vibanda vya video, wamejaribu mateke chini ya miembe, na sasa wanamtafuta mtu mzima wa kuwaongoza. Ombi hilo ni jema, kwa kuwa mtoto anayeomba kufundishwa amekwisha fungua mlango. Lakini linamtia mwalimu katika mtihani wa kuchagua: je, aanze na mchezo upi, na kwa nini? Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwalimu mwanafunzi kulijibu swali hilo akiwa bado chuoni.

Sisi wenyewe tulilijibu vibaya. Tulipokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja nje ya mji wa Tabora, tulijua mateke machache, nasi tukayafundisha kwa fahari. Siku ya tatu mvulana wa darasa la nne alirusha teke la juu. Mguu uliobaki chini ukateleza, akaanguka kinyumenyume huku ametanguliza mkono ulionyooka. Mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mkono. Hakuna aliyempiga. Tulikuwa tumemfundisha kurusha mguu, hatukumfundisha kuanguka. Kosa lilikuwa letu, na yote tutakayoyaeleza hapa chini yametokana na kosa hilo.

1. Mzigo mdogo kwanza

Tabora imesimama juu ya njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Njia hiyo ilibeba mengi machungu, hasa biashara ya watumwa, nasi hatuna haja ya kuipamba. Hata hivyo, upagazi wa Wanyamwezi una fundisho kwa mwalimu. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi walizoeshwa kubeba vipembe vidogo vya ndovu tangu utotoni. Mpagazi mzima alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa mwendo wa miezi. Lakini hakuuanza mzigo huo siku moja. Alianza na kidogo, akajifunza kwanza kutembea nao, kuupokea na kuutua.

Karne hiyohiyo ilionyesha pia njia nyingine ya kuwalea vijana. Rugaruga, ambao wengi wao walikuwa vijana, walipewa bunduki na sifa ya ukali katika vita vya Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, na vya watawala wengine wa zama zile. Ujasiri wao haukuwa na shaka. Lakini ujasiri uliotangulia adabu uliwaacha wanavijiji wengi bila nyumba na bila chakula. Mwalimu anayeanza na pigo, akaahirisha adabu mpaka muhula ujao, yumo katika hatari ya kuifuata njia hiyo kwa kipimo kidogo.

2. Vipimo vinne vya kuchagulia

Aghalabu mwalimu huchagua mchezo kwa umaarufu wake au kwa kuwa ndio alioupenda ujanani. Yafaa badala yake ajiulize maswali manne.

(a) Mtoto atajifunza nini katika mwezi wa kwanza? Si lazima tujue atakuwa nani baada ya miaka kumi. Watoto wengi wataacha baada ya muhula mmoja. Watakachoondoka nacho ni kile cha mwanzo.

(b) Je, mtoto anaweza kutumia nguvu zake zote bila kumwumiza mwenziwe? Mtoto hujifunza kwa kujaribu kwa moyo wote. Mchezo unaomlazimu kujizuia kila mara unahitaji ukomavu ambao hajaupata.

(c) Je, mahali na vifaa vilivyopo vinatosha?

(d) Je, mwalimu mwenyewe anajua kiasi gani? Mwalimu mwenye ujuzi mdogo achague mchezo ambao makosa yake hayatavunja mifupa wala kugusa kichwa cha mtoto.

3. Michezo minne mbele ya vipimo hivyo

Ngumi. Taifa letu lina historia ya heshima katika mchezo huu. Titus Simba alipata medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 1970 mjini Edinburgh, na Michael Yombayomba alipata ya dhahabu Kuala Lumpur mwaka 1998. Lakini ngumi hulenga kichwa, na ubongo wa mtoto ungali unakua. Kazi ya miguu, kuruka kamba na kupiga mfuko vinafaa kwa mazoezi. Kupigana hakufai katika shule ya msingi.

Karate. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba karate tunayoiona leo ilipitia mikononi mwa walimu. Mwanzoni mwa karne ya 20, Itosu Anko aliiingiza katika shule za Okinawa, akatunga miondoko mifupi ya kuwafaa wanafunzi. Funakoshi Gichin, aliyeionyesha Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miondoko hiyo inayofanywa pasipo kugusana humfunza mtoto utulivu, kumbukumbu na mizani ya mwili. Inafaa sana, mradi mwalimu awe ameisomea barabara. Teke lililoigwa kutoka filamu si karate.

Judo. Kano Jigoro aliyeanzisha judo mwaka 1882 alikuwa mwalimu wa walimu: kwa zaidi ya miaka 20 aliongoza chuo cha juu cha ualimu mjini Tokyo. Ndiyo maana mchezo wake umepangwa kama somo. Aliondoa mbinu za hatari katika mazoezi ya kushindana, akasisitiza kwamba wanaocheza wananufaishana. Mwanafunzi huanza kwa kujifunza kuanguka, ndipo afundishwe kumwangusha mwingine. Mchezo huu umekwisha kita mizizi nchini. Mwaka 2024 Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika judo kwenye Michezo ya Olimpiki ya Paris. Upungufu wake kwetu ni gharama ya mikeka na mavazi, na uchache wa walimu.

Mieleka. Watoto wetu huicheza machungani na mtoni bila kuambiwa na mtu. Haidai vazi maalumu. Mtoto anaweza kusukuma na kuvuta kwa nguvu zake zote, na mwenziwe asiumie, iwapo wanaanza chini, wakiwa wamepiga magoti. Upungufu wake ni kwamba mieleka ya watoto haina mpango: kabali na ngwala huingia bila kizuizi.

Kutokana na hayo, shauri letu ni hili. Katika shule ya msingi isiyo na mwalimu aliyebobea, mchezo wa kwanza uwe mieleka ya kupiga magoti, ikitanguliwa na mafunzo ya kuanguka yaliyotolewa katika judo. Mtoto atakayetaka kuendelea na judo, karate au hata ngumi atakapokua, atakwenda huko akiwa na msingi. Naye atakayeacha atakuwa amepata jambo la kumfaa maishani, maana watu wote huanguka: kutoka mtini, kwenye baiskeli, kisimani penye utelezi.

4. Mahali na vifaa

Udongo wa Tabora wakati wa kiangazi huwa mgumu kama sakafu. Hatuna budi kuandaa mahali. Chimbeni shimo la mita 4 kwa 4, lenye kina cha sentimita 30, kisha mlijaze maranda kutoka kwa maseremala au pumba za mpunga. Juu yake tandikeni magunia yaliyoshonwa pamoja. Shimo hilohilo litatumika kwa kuruka juu. Kila kabla ya somo mwalimu apite kwa mikono yake akitafuta misumari, miiba na vipande vya mbao. Wakati wa masika maranda yafunikwe au yabadilishwe, maana yakilowa hushikana na kuwa magumu.

5. Mfano wa somo: darasa la tano, dakika 40

Shabaha: mwanafunzi aweze kuanguka kinyumenyume bila kugonga kichwa wala kutanguliza mkono.

Hatua ya kwanza (dakika 8). Kupasha mwili moto: kukimbia taratibu, kutambaa, kubingirika.

Hatua ya pili (dakika 15). Kuanguka, kwa mfuatano huu: kwanza kutoka hali ya kulala, pili kukaa, tatu kuchuchumaa. Kusimama kungoje masomo yajayo. Katika kila hali kidevu kiguse kifua, mgongo uviringwe, na mikono yote miwili ipige chini kwa pamoja, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, ikiwa imetanuka kidogo kutoka mbavuni. Mwalimu awaambie watoto watazame fundo la mshipi wao. Anayelitazama hawezi kurudisha kichwa nyuma. Asiyeweza hatua moja asisukumwe kwenda ya pili.

Hatua ya tatu (dakika 12). Wawili wawili, wakiwa wamepiga magoti, kila mmoja ajaribu kuulaza mgongo wa mwenziwe chini na kuushikilia kwa hesabu ya tano. Wapangwe kwa uzito na kimo. Shingo, vidole na nywele havishikwi. Anayegonga mara mbili kwa kiganja, au anayesema "basi", huachiliwa mara moja.

Hatua ya nne (dakika 5). Kupoa, kushukuriana kwa kupeana mikono, na swali moja: "Leo nani alimsaidia mwenziwe asiumie, na kwa namna gani?"

Kanuni ya kugonga ndiyo roho ya somo zima. Anayegonga hujifunza kukubali kwamba ameshindwa bila aibu. Anayeachilia hujifunza kwamba nguvu zina mahali pa kukomea. Mwalimu atakayemcheka aliyegonga, au kumwacha mtoto mmoja akashikilia hata sekunde moja zaidi, ameliharibu somo.

6. Tahadhari

Wazazi waelezwe kwanza, na ridhaa yao ipatikane. Wasichana wafundishwe sawasawa na wavulana, wakicheza wao kwa wao, wenye mavazi ya kuwasitiri. Mtoto mwenye kifafa, pumu au jeraha asiingie bila ushauri wa mganga wa zahanati.

Zaidi ya yote, tusimdanganye mtoto. Mieleka ya muhula mmoja haimwezeshi mtoto wa miaka kumi kumshinda mtu mzima mwenye nia mbaya. Afundishwe wazi kwamba ulinzi wake wa kwanza ni kukimbia, kupiga kelele na kumweleza mtu mzima anayemwamini. Mwalimu anayempa mtoto ujasiri wa uongo amemtwisha mzigo wa mpagazi mzima kabla ya wakati wake.

Mvulana yule wa darasa la nne alirudi shuleni mkono ukiwa umefungwa plasta, akaketi kando ya uwanja akitutazama. Wiki zilizosalia tulifundisha kuanguka tu. Mazoezi yetu yalipokwisha alikuwa bado hajaruhusiwa kucheza, lakini tulimkuta akiwasahihisha wenzake: "Kidevu! Kidevu kifuani!" Alikuwa amelielewa somo kabla yetu.

Maswali ya kujadiliana

1. Chagueni mchezo mmoja usiotajwa katika makala haya, mkaupime kwa vipimo vinne vya sehemu ya pili.

2. Shule yenu ina watoto 60 katika darasa moja na shimo moja la maranda. Pangeni hatua ya pili ya somo ili hakuna mtoto anayekaa bure kwa zaidi ya dakika tatu.

3. Mzazi analalamika kwamba mnawafundisha watoto kupigana. Andikeni jibu lenu kwa sentensi zisizozidi kumi.