Zile wiki mbili za Machi

Dada wa Likoni,

Umeniandikia kurasa nzima juu ya huzuni ya mdogo wako, na mistari miwili tu juu ya zile wiki mbili za Machi: halali, anaongea bila kituo, kauza pikipiki yake kwa bei ya kutupa eti anaanzisha kampuni ya meli. Mimi nimenaswa na hiyo mistari miwili.

Nyumbani mlishukuru, mkasema kapona, na daktari aliyempa dawa za sonona hakuambiwa. Huzuni inayomlaza mtu majuma na uchangamfu uliopita mpaka huweza kuwa maradhi mamoja, bipola, na mwenye bipola akimeza dawa za sonona peke yake huweza kupandishwa zaidi. Sisemi ndilo lililompata. Barua haipimi mtu. Rudini hospitali, na wewe uingie naye kwa daktari, kwani aliyekuwa juu mara nyingi hajioni kuwa aliugua. Nenda na tarehe, saa alizolala na pesa alizotumia.

Mjomba anasema ni jini. Usigombane naye. Asome kisomo chake, ila hospitali isingoje kisomo.

Sasa lile uliloliandika pembeni ya karatasi, kwamba alisema mngepumzika bila yeye. Muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Swali hilo halimtii mtu wazo. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa na sumu zitoke nyumbani, na mumpeleke siku hiyo hiyo. Tena msilegee akianza kuamka. Nguvu zikirudi kabla huzuni haijaondoka, hatari huwa kubwa, na vivyo hivyo wiki za kwanza baada ya kutoka wodini.

Unaogopa hospitali itaita polisi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, Mahakama Kuu ya Kenya ilikitangaza Januari 2025 kuwa kinakiuka Katiba. Hofu hiyo isikucheleweshe.

Ikithibitika ni bipola, huenda akaandikiwa lithiamu. Daktari John Cade wa Australia aliandika juu yake mwaka 1949, na mpaka leo ni katika dawa chache zinazohusishwa na kupungua kwa vifo vya kujiua. Ina masharti yake: damu ipimwe mara kwa mara, anywe maji, asipunguze chumvi ghafla, na asijinunulie diclofenac wala ibuprofen dukani. Akitapika, akiharisha au akitetemeka sana, hospitali. Ramadhani ikikaribia, amwone daktari kabla ya kufunga.

Hospitali ya Port Reitz wana kitengo cha magonjwa ya akili. Ukishavuka feri, ni matatu za Changamwe.

Na pikipiki? Aliyeinunua ni jirani, umesema. Mwendeeni pamoja na mzee wa mtaa, mkiwa na pesa yake mkononi, kabla hajaiuza kwa mwingine.