Somo la wiki: Tofauti ya bei si faida

Tuseme mfanyabiashara wa mahindi amelinganisha bei za masoko mawili kwa wiki 5, akakuta tofauti hizi kwa kilo: Sh. 10, 14, 12, 9 na 15. Wastani ni Sh. 12. Ukishaujua wastani huo, namba 4 tu ndizo huru. Ya 5 haina budi kuwa 15 ili jumla ifike 60. Hizo ndizo digrii 4 za uhuru.

W. S. Gosset wa kiwanda cha bia cha Guinness, aliyeandika mwaka 1908 kwa jina la Student, alionyesha kuwa takwimu chache zinadai tahadhari zaidi. Kwa digrii 4, kwenye kiwango cha asilimia 5, wastani uzidi kosa lake la makadirio mara 2.776, kwa digrii 30, mara 2.042 yatosha. Hapa kosa ni kama Sh. 1.14, kwa hiyo tumezidi mara 10. Tofauti ipo, iwapo bei ya wiki moja haikuvuta ya wiki inayofuata.

Sasa tazama ukubwa wake, jambo ambalo wengi hulirukia. Lori likidai Sh. 20 kwa kilo, gunia la kilo 100 linaleta hasara ya Sh. 800. Likidai Sh. 7, linabaki na Sh. 500, kabla ya ushuru.