Mlenda kwa Anayeupika Mara ya Kwanza

Mgeni afikaye Singida huukuta mlenda sokoni, mbichi au uliokaushwa. Kwa anayeanza, tunashauri achague majani makavu yasiyosagwa, kwani unga huficha mchanga na ukungu. Ayaoshe vyema, kisha apike kiasi kidogo. Mlenda huteleza kwa asili yake. Utelezi si dalili ya kuharibika.

Wengi huutia karanga zilizosagwa na kuulia ugali wa mtama au uwele. Hapo ndipo penye hatari: karanga zenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Tunamsihi mlaji azichambue kabla ya kuzisaga. Zilizoota ukungu, kusinyaa au kubadilika rangi zitupwe, hata kuku wasipewe.