Usonji: Kituo humfunza mtoto, na mzazi pia

MIAKA kadhaa iliyopita mama mmoja alimleta mwanawe katika kliniki yangu. Mtoto alikuwa na umri wa miaka 2 na hakuwa amesema neno lolote. Alipoitwa jina hakugeuka, lakini sarafu ilipoanguka sakafuni aligeuka mara moja. Nilimwambia mama avute subira, kwani wavulana wengi huchelewa kusema.

Alirudi mtoto akiwa na miaka 4, baada ya kuzungushwa kwa waganga na kwa waombaji. “Daktari, ni wewe uliyeniambia ningoje,” alisema. Sikuwa na la kujibu. Mtoto alikuwa na usonji, na tulikuwa tumepoteza miaka 2 ambayo angeweza kusaidiwa.

Usonji ni nini?

Usonji, ambao wengine huuita otizimu au tawahudi, ni hali inayotokana na jinsi ubongo unavyokua, hasa kabla ya mtoto kuzaliwa. Urithi wa damu huchangia sana. Hauletwi na laana, wala na mama kutompenda mtoto. Vilevile hauletwi na chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyozua hofu hiyo ilihusu watoto 12 tu, na jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010 baada ya kasoro zake kufichuliwa.

Hakuna dawa ya kuponya usonji. Dawa tunazotoa ni za matatizo yanayoandamana nao, kama vile kifafa au kukosa usingizi. Jihadhari na yeyote anayekuuzia tiba ya kuumaliza.

Mzazi aangalie nini?

Mlete mtoto apimwe ikiwa amefikisha miezi 12 na hageuki aitwapo jina wala haonyeshi kitu kwa kidole. Ikiwa hajasema neno moja akiwa na miezi 16. Au kama haunganishi maneno mawili akiwa na miaka 2. Mtoto anayepoteza maneno aliyokuwa nayo asingojewe hata kidogo, awe wa umri wowote. Dalili nyingine ni kutokutazama watu machoni, kurudia jambo moja saa nyingi, kupiga mikono kama mbawa, na kuziba masikio kelele zinapozidi.

Kwanza masikio yapimwe, kwa sababu mtoto asiyesikia pia hukawia kusema.

Kituo hufanya nini?

Hapa nchini wazazi wenyewe ndio waliosukuma jambo hili. Mwaka 2003 wazazi walianzisha shirika la Autism Society of Kenya, na kitengo cha watoto wenye usonji kikafunguliwa katika shule ya umma ya City Primary, Ngara, jijini Nairobi. Tangu wakati huo vituo vingine vya kijamii visivyo vya faida vimeanzishwa.

Katika kituo kizuri, mtoto haanzi kwa kuketishwa darasani. Kwanza hutazamwa: anapenda nini, anaogopa nini, anaombaje maji? Kisha huandaliwa mpango wake peke yake. Asiyesema hufundishwa kuomba kwa picha. Akitaka uji, humpa mwalimu picha ya kikombe, naye hupewa uji papo hapo. Wazazi wengi huogopa kwamba picha zitamfanya asiseme kamwe. La hasha. Picha hazizuii usemi, na mtoto anayeelewana na watu hupunguza kilio na kujiuma.

Kazi kubwa hugawanywa vipande vidogo. Kunawa mikono kwa mfano ni kufungua mfereji, kulowesha mikono, kupaka sabuni, kusugua, kusuuza, kufunga mfereji na kujifuta. Mtoto hufundishwa kipande kimoja hadi akishike, na kila akifaulu husifiwa. Kuvaa na kwenda chooni hufundishwa vivyo hivyo.

Mzazi naye ni mwanafunzi

Msomaji, hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mtoto hukaa kituoni saa chache tu. Saa nyingine zote yuko nyumbani na mama, baba, nyanya, ndugu zake au yaya. Ikiwa hao hawajui alichofundishwa, kesho mwalimu ataanza upya. Kwa hiyo omba kuketi na kutazama mafunzo, na uende na yule anayeshinda na mtoto.

Nyumbani chuchumaa uwe usawa wa macho yake. Mfuate anachokitazama, ukitaje kwa neno moja, kisha unyamaze umpe nafasi ya kujibu. Dakika chache wakati wa kula, kuoga au kuvaa, kila siku, zina faida kubwa. Kumchapa hakumfunzi lolote.

Faida nyingine ni mkutano wa wazazi. Mama aliyeshushwa kwenye matatu kwa sababu mtoto anapiga mayowe hukutana na wenzake waliopitia hayo hayo. Baba aliyekuwa akimficha mtoto chumbani wageni wakija huona wenzake wakitoka na watoto wao bila haya.

Uende wapi?

Anza na daktari au kliniki ya watoto katika hospitali iliyo karibu nawe. Wizara ya Elimu ina vituo vya tathmini vijulikanavyo kama EARC, mpango ulioanza mwaka 1984, ambavyo humpima mtoto na kushauri kuhusu shule. Mwandikishe pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Kabla ya kulipa karo katika kituo chochote, uliza: je, mwanangu atakuwa na mpango wake? Wazazi hufundishwa? Naweza kuingia na kutazama wakati wowote? Wakikataa swali la mwisho, tafuta kwingine.

Yule mvulana alipelekwa kituoni, na mama yake akaenda naye. Bado hasemi mengi. Lakini huenda chooni mwenyewe, na akiwa na njaa huleta picha badala ya kugonga kichwa ukutani.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Kwa mtoto asiyesema, usiisikize methali hiyo, hata ukiambiwa na daktari.