Neno la Mungu Lisikomee Uani



Jumamosi alfajiri, katika parokia nyingi za Dar es Salaam, waamini hutoka majumbani mwao na Biblia mkononi, wakaenda kusali nyumbani kwa jirani. Ndivyo ilivyo hata huko Tegeta, chini ya kilima cha Wazo, kando ya barabara iendayo Bagamoyo. Mikeka imetandikwa uani, mshumaa umewashwa, Injili yasomwa. Jambo hili ni jema, nasi twalisifu. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973 waliazimu kwamba Kanisa lijengwe katika Jumuiya Ndogondogo za Kikristu, yaani mahali pale watu wanapoishi na kujuana.

Lakini leo twauliza: mikeka ikisha kukunjwa, Neno lile laenda wapi?

HATUA YA SITA

Jumuiya nyingi hufuata njia ya hatua saba iliyotoka Chuo cha Lumko, Afrika ya Kusini. Kwanza twamkaribisha Bwana, pili twasoma, tatu twachagua maneno yaliyotugusa, nne twanyamaza, tano twashirikishana, sita twajadiliana ni kazi gani Mungu anatutaka tuifanye, saba twasali. Mara nyingi hatua hiyo ya sita hupitwa mbio. Jua limepanda, watu wana safari zao. Basi husemwa tu, “Tupendane,” na sala ya mwisho huanza. Mtume Yakobo, katika sura ya kwanza ya Waraka wake, amfananisha msikilizaji wa namna hiyo na mtu ajitazamaye katika kioo, kisha aenda zake akasahau sura yake. Kioo hakina kosa. Kosa ni la aliyekwisha kuliona doa usoni pake, asinawe.

MFANO UTOKAO MTAANI

Tuchukue mfano mmoja, wala msomaji asiudharau kwa kuwa unanuka. Masika yakifika, maji hushuka kutoka Wazo kuelekea bahari, yakapita katikati ya nyumba za watu. Usiku mvua inaponyesha sana, wako wenye nyumba wanaofungua mashimo ya vyoo vyao ili uchafu uchukuliwe na maji. Watu huita jambo hilo kutapisha choo. Mwenye nyumba hulala ametua mzigo. Jirani wa bondeni huamka na kuukuta mlangoni pake, mahali watoto wanapochezea.

Madhara yake si hadithi. Kipindupindu huletwa na vijidudu vya kinyesi vinapoingia katika maji ya kunywa au chakula, nacho chaweza kumwua mtu kwa muda wa saa chache asipotibiwa. Mwezi wa Agosti 2015 kilizuka Dar es Salaam, kikaanzia Wilaya ya Kinondoni, ambamo Tegeta imo, kisha kikaenea mikoa mingi. Atapishaye choo hajui atamwua nani. Lakini kutojua jina la mtu hakumwondolei mtu dhambi.

Mtu atasema, “Biblia yahusu nini na vyoo?” Na asome Kumbukumbu la Torati, sura ya 23. Waisraeli waliamriwa kuwa na mahali nje ya kambi, na chombo cha kuchimbia, ili kila mtu afukie uchafu wake. Kwa sababu Mungu alitembea katikati ya kambi yao. Katika sura ya 22 ajengaye nyumba mpya aagizwa kuzungushia dari yake ukingo, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Basi Mungu aliyetoa Amri Kumi hakuona haya kufundisha ujenzi wa dari na matumizi ya choo. Kwake, usalama wa jirani ni ibada.

UPENDO UNA GHARAMA

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kuhukumu. Gari la kunyonya maji machafu hulipiwa, na mjane mwenye wajukuu watano hana fedha hizo. Kumkemea bila kumsaidia ni kumtwika mzigo tusioutaka kuugusa hata kwa kidole. Msamaria wa Injili ya Luka hakuishia kumhurumia majeruhi. Alitoa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa zaidi. Basi hapa ndipo pa hatua ya sita. Mwezi wa Februari, kabla ya masika, jumuiya na iulize: Ni nyumba zipi ambazo mashimo yake yamejaa? Nani hawezi kulipa? Tuchange kiasi gani? Wala tusiulize dini ya mtu, kwani maji yashukayo hayamwulizi mtu dini.

Watu wa Tegeta wajua habari za mwamba na saruji. Tangu mwaka 1966 kiwanda cha Wazo kimekuwa kikisaga mawe ya kilima kile. Basi na wasome tena mwisho wa sura ya saba ya Mathayo. Wajenzi wote wawili walisikia Neno, na wote wawili walinyeshewa. Tofauti yao ni moja tu: mmoja alitenda. Kutenda ndiko mwamba wenyewe.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni Neno gani tulilosikia Jumapili iliyopita, nasi tumetenda nini?
2. Ni jambo gani la nyumba yetu linalomdhuru jirani: uchafu, moshi, kelele, mpaka wa kiwanja?
3. Ni jirani gani asiyeweza peke yake, nasi twaweza kumsaidia kabla mvua haijaanza?

Baba na mama wajibu kwanza, watoto wakisikia. Mungu atujalie masikio ya kusikia, na mikono ya kutenda.